Kabla ya Kukata Shauri, Someni Tena

Siku hizi kikundi kikikutana ufuoni, iwe Dunga au Usenge, mazungumzo hayakawii kufika kwa vizimba vya samaki. Tuchukue mkopo ama tungoje? Mnakumbuka Novemba 2022, samaki wengi wa vizimba walikufa upande wa Kisumu kwa kukosa hewa majini. Wengine nao wamejenga nyumba kwa kazi hiyo hiyo.

Faida na hasara mweka hazina atazipigia hesabu. Lakini ni nini kinachotusukuma: haja, au wivu kwa jirani? Kwa swali hilo sisi tunashauri mrudie kitabu cha kiroho ambacho tayari mnakipenda. Kitabu kipya kinakuvuta ujue mwisho wake. Cha zamani mwisho unaujua, basi unasoma polepole, na pale moyo unaposhtuka ndipo pa kusimama.

Chukueni "Safari ya Msafiri" cha John Bunyan, fundi wa masufuria wa Uingereza aliyefungwa miaka 12 kwa kuhubiri bila kibali. Kilitoka mwaka 1678, na kwa Kiswahili kimesomwa tangu karne ya 19. Wengi tunakumbuka ule mzigo mgongoni. Safari hii someni pale barabara inapokuwa mbaya, miguu inauma, na kando yake kuna kijia laini. Mkristo anasema twende huku, si kinafuatana na barabara? Mwenzake Tumaini anauliza kidogo tu, kisha ananyamaza. Usiku mvua inawapiga, na asubuhi lile jitu linawafunga ngomeni.

Tumaini baadaye anakiri kwamba aliogopa tangu mwanzo, ila hakusema wazi kwa sababu mwenzake ni mkubwa kwake. Jamani, hii si ndiyo mikutano yetu? Mzee akishasema, vijana na akina mama wageni wanaitikia tu, na deni likija ni la wote.

Kwa hiyo mmoja asome sehemu hiyo kwa sauti, mnyamaze dakika chache, halafu mdogo kabisa aanze kusema, mwenyekiti awe wa mwisho. Msipige kura siku hiyo. Rudini baada ya wiki moja mwone kama hofu ni ile ile. Wale wasafiri walipotoroka waliweka nguzo yenye maandishi ya kuwaonya wanaokuja nyuma. Katibu naye aandike sababu zenu zote, hata za waliokataa.