KUTEGUKA AU KUVUNJIKA? MGUU UPIMWE MPAKA GOTINI

Ndugu wafanyakazi, mashambani kwenye mitaro na viwandani kwenye sakafu yenye mafuta, kuteguka kifundo cha mguu ni jambo la kawaida. Mguu hunasa chini, mwili ukageuka pamoja na mzigo. Mnyapara husema, "Umeteguka tu, kakandwe, kesho urudi kazini." Sisi twasema: ngoja kwanza.

Chini ya goti mna mifupa miwili: muundi ulio mnene, na mfupa mwembamba upande wa nje. Imeshikanishwa kwa kano na utando mgumu. Kifundo kikisokotwa kwa nguvu, kano huweza kukatika, na nguvu ile ikapanda juu hata mfupa mwembamba ukavunjika karibu na goti. Daktari Mfaransa Jules Maisonneuve alilieleza jambo hili mwaka 1840, na mpaka leo mvunjiko huo huitwa kwa jina lake. Hatari ni kwamba maumivu makubwa huwa kifundoni. Picha ikipigwa hapo tu, palipovunjika hapaonekani. Kifundo kilicholegea kisipotibiwa, mtu aweza kubaki kilema.

Mwaka 1992 madaktari wa Ottawa, Kanada, walitoa kanuni nyepesi ambazo zingali zinatumika. Aliyeumia kifundo apigwe picha ya eksirei ikiwa hakuweza kwenda hatua nne alipoumia na bado hawezi mbele ya daktari; au ikiwa mfupa wa kifundo wauma ukibonyezwa nchani au ukingo wa nyuma. Tena daktari aombwe abonyeze mfupa wa nje mpaka chini ya goti. Pakiuma, picha ichukue mguu mzima.

Mwenzenu akiumia, msimvute wala msimkande. Mfungeni gango lenye nguo laini, mmbebe asikanyage. Mguu ukipinda, ukifa ganzi au ukiwa wa baridi, msikawie hata kidogo.

Kisha toeni taarifa siku ile ile. Nchini Kenya, kwa mfano, sheria ya mwaka 2007 ya majeraha kazini yakubali taarifa ya mdomo au ya maandishi, naye mwajiri hutakiwa kuripoti ajali kwa Mkurugenzi katika siku 7. Pasipo taarifa, mguu uliovunjika kazini ni rahisi kuambiwa ulivunjika nyumbani. Wajumbe wa matawi, lisimamieni hilo: anayechechemea asirudishwe kazini kabla ya kupimwa.