Timu ni ya Nani? Habari za Bandari ya Saigon

Mfanyakazi atokapo kazini jioni huwa na uchovu wa kutwa nzima mgongoni, na mfukoni ana kidogo. Lakini moyoni ana kitu kimoja ambacho hakuna mwajiri awezaye kukikata kama akatavyo mshahara, nacho ni timu yake ya mpira. Husema "timu yetu", tena husema hivyo bila kufikiri, kama asemavyo "nyumba yetu" au "mtaa wetu". Je, neno hilo "yetu" lina ukweli gani? Timu ni ya nani? Leo twapenda kulichunguza swali hili kwa kutazama habari za timu moja ya Vietnam, iliyozaliwa gatini, ikawa bingwa wa nchi mara nne, kisha jina lake likaondolewa katika orodha ya ligi. Timu hiyo ni Cảng Sài Gòn, maana yake Bandari ya Saigon.

Kwanza yafaa msomaji aijue bandari yenyewe. Wafaransa waliifungua mwaka 1860, mara baada ya kuuteka mji, ili mchele wa mashamba ya kusini upate njia ya kwenda ng'ambo. Katika gati la Nhà Rồng, tarehe 5 Juni 1911, kijana mmoja aitwaye Nguyễn Tất Thành alipanda meli ya Kifaransa, Amiral Latouche-Tréville, akiwa mtumishi wa jikoni. Kijana huyo ndiye ambaye baadaye dunia nzima ilimjua kwa jina la Ho Chi Minh. Jumba la Nhà Rồng leo ni makumbusho yake. Basi wafanyakazi wa bandari ile wana sababu ya kujiona kuwa si watu wa pembeni katika historia ya taifa lao.

Tena yatupasa kukumbuka ya kwamba kwa miaka zaidi ya ishirini taifa hilo lilikuwa vipande viwili. Mkutano wa Geneva wa mwaka 1954 uliigawa Vietnam, kaskazini na kusini, na mpira nao ukagawanyika. Kaskazini kulikuwa na timu yenye nguvu ya jeshi, iliyoitwa Thể Công, na timu ya wafanyakazi wa reli. Kusini kulikuwa na timu za Saigon na timu ya taifa iliyojulikana sana katika Asia. Mwaka 1966 timu hiyo ya kusini ilitwaa Kombe la Merdeka mjini Kuala Lumpur kwa kuishinda Burma bao 1 kwa 0. Nahodha wake alikuwa mlinzi mmoja hodari, Phạm Huỳnh Tam Lang, aliyezaliwa mwaka 1942.

Vita vilikwisha tarehe 30 Aprili 1975. Katika nchi iliyotoka vitani namna ile, mtu aliyevaa jezi ya serikali iliyoanguka angeweza kudhani kwamba siku zake zimekwisha pamoja na serikali hiyo. Haikuwa hivyo kwa Tam Lang. Mwaka huo huo wa 1975 bandari iliunda timu yake, na nahodha wa zamani akawa mmoja wa nguzo zake.

Nchi ikaunganishwa rasmi Julai 1976. Miezi minne baadaye, Jumapili tarehe 7 Novemba, watu wa Saigon, mji uliokuwa umekwisha kupewa jina la Ho Chi Minh, waliujaza uwanja wa Thống Nhất. Uwanja huo zamani uliitwa wa Jamhuri. Jina lake jipya maana yake ni Muungano. Timu ya reli ilikuja kutoka Hanoi kucheza na timu ya bandari. Ilikuwa ndiyo mara ya kwanza tangu vita kwisha kwa timu ya kaskazini kucheza kusini. Watu wa reli walifika mji ambao reli yao wenyewe ilikuwa bado haijaufikia, kwa maana njia ya kilomita 1,726 kati ya Hanoi na Saigon ilikuwa imekatwakatwa na vita, na treni ya kwanza ya kuziunganisha pande mbili iliondoka tarehe 31 Desemba mwaka huo. Mpira ulitangulia treni.

Reli walishinda mabao 2 kwa 0. Yalifungwa na Mai Đức Chung na Lê Thụy Hải, majina ambayo tutayarudia mbele. Bandari walishindwa nyumbani kwao mbele ya watu wao. Lakini siku hiyo ingali ikikumbukwa katika Vietnam, wala haikumbukwi kwa sababu ya mabao peke yake. Mchukuzi wa kusini na fundi wa treni wa kaskazini walikutana uwanjani kwa sheria moja na refa mmoja, na waliposhikana mikono hapana aliyeulizwa kwanza jana yake alikuwa upande gani.

Ligi ya nchi nzima ilianza mwaka 1980. Hebu msomaji ayatazame majina ya mabingwa wa miaka ile. Mwaka 1980 ni Reli. Mwaka 1982 na 1983 ni Jeshi. Mwaka 1984 ni Polisi wa Hanoi. Mwaka 1985 ni Viwanda vya Hà Nam Ninh. Mwaka 1986 ni Bandari ya Saigon. Mwaka 1991 ni Forodha. Ukiyasoma majina hayo waweza kudhani unasoma daftari la vyama vya wafanyakazi. Mchezaji aliandikwa katika orodha ya watumishi wa bandari au ya reli, akapokea mshahara na mgao wa chakula kama wenziwe.

Tam Lang alipelekwa Ujerumani Mashariki kujifunza ualimu wa mpira. Aliporudi aliishika timu ya Bandari, akaiongoza kwa karibu miaka ishirini. Ubingwa wa 1986 ulifuatwa na wa msimu wa 1993–94, kisha wa 1997, na wa mwisho msimu wa 2001–02. Kombe la Taifa liliposhindaniwa kwa mara ya kwanza, mwaka 1992, walilichukua Bandari. Wakalichukua tena mwaka 2000. Kiungo wake, Võ Hoàng Bửu, alipewa Mpira wa Dhahabu, yaani tuzo ya mchezaji bora wa nchi, mwaka 1996. Hayo si machache kwa timu iliyoanza kwa kukusanya wachezaji wa mji uliotoka vitani.

Hata hivyo hatupendi kumdanganya msomaji kwamba zamani hizo zilikuwa peponi. Vietnam ya miaka ile ilikuwa maskini. Chakula kiligawanywa kwa vyeti, na mchezaji aliyeshangiliwa Jumapili alipanga foleni ya mchele Jumatatu kama watu wote. Tena liko jambo kubwa kuliko njaa, nalo ndilo linalotuhusu leo. Timu ilikula katika mfuko wa idara. Mkurugenzi aliyeupenda mpira aliilea. Mkurugenzi asiyeupenda angeweza kuiacha. Mchukuzi alisema "timu yetu", lakini hapakuwa na karatasi yoyote iliyosema kwamba ni yake. Siku zote za neema hakuiona haja ya karatasi hiyo.

Desemba 1986, mwaka ule ule wa ubingwa wa kwanza wa Bandari, Chama cha Kikomunisti cha Vietnam kilikata shauri kuufungua uchumi wa nchi. Mageuzi hayo, yaitwayo Đổi Mới, yaliwaletea wananchi chakula na kazi, wala hatuwezi kuyalaumu kwa hilo. Lakini idara za serikali zilianza kuhesabu kila senti, na katika hesabu hizo timu ya mpira huonekana kuwa hasara. Msimu wa 2000–01 ligi ikafanywa ya kulipwa. Makampuni yakaingia, na wachezaji wa kigeni wakaletwa. Msimu uliofuata Bandari wakawa mabingwa, na huenda wengi walidhani kwamba mambo yatakwenda kama zamani. Mwaka 2003 walishuka daraja. Ubingwa na kushuka viliachana kwa msimu mmoja tu! Tam Lang akaondoka.

Baada ya hapo ikaja kampuni ya chuma, na jina lake likawekwa mbele ya jina la Bandari. Timu ikawa na majina mawili, na mwenye fedha ndiye aliyetangulia. Mwaka 2009 neno Bandari likaondolewa kabisa, timu ikaitwa kwa jina la mji, na msimu huo huo ikashuka tena. Timu ya mji ilirudi katika ligi kuu mwaka 2017, na mwaka 2025 ikawekwa mikononi mwa polisi wa mji, ikabadili jina kwa mara nyingine. Tam Lang hakuyaona hayo ya mwisho. Alifariki Juni 2014.

Jina la Reli nalo halimo tena katika ligi kuu. Wale wafungaji wawili wa mwaka 1976 walikwenda kila mmoja njia yake. Lê Thụy Hải, aliyefariki mwaka 2021, alikuwa mwalimu wa Bình Dương, timu ya mkoa wa viwanda yenye mali nyingi, akaipa ubingwa mwaka 2007, 2008 na 2014. Mai Đức Chung aliwafundisha wanawake, na mwaka 2023 akaiongoza timu ya taifa ya wanawake wa Vietnam katika Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza. Elimu iliyopatikana katika timu ya wafanyakazi haikupotea, bali mti ulioizaa ndio uliokatwa.

Lakini liko jina moja lililorudi, nalo yafaa tulitazame. Timu ya jeshi, Thể Công, iliyoundwa mwaka 1954 na kutwaa ubingwa wa nchi nzima mara tano, nayo ilipoteza jina lake mwaka 2009, na nafasi yake katika ligi kuu ikahamishiwa mkoa mwingine. Tofauti ni kwamba Viettel, kampuni ya simu ya jeshi, haikuifunga shule ya vijana. Hiyo ndiyo kampuni iliyoleta Halotel Tanzania na Lumitel Burundi mwaka 2015. Watoto waliendelea kufundishwa, wakapanda daraja mwaka 2018, na mwaka 2020 wakawa mabingwa, mwalimu wao akiwa Trương Việt Hoàng, ambaye mwenyewe alikuwa mchezaji wa timu ile ya zamani. Mwaka 2021 Mpira wa Dhahabu ulikwenda kwa Nguyễn Hoàng Đức, kijana aliyelelewa katika shule hiyo. Mwaka 2023 jina la Thể Công likarudishwa. Asiyeacha kupanda hakosi kuvuna.

Basi tumjibu nini yule mfanyakazi wa jioni? Twamwambia ya kuwa mapenzi peke yake hayafanyi timu kuwa yake. Watu wa Saigon waliipenda Bandari kwa miaka zaidi ya thelathini, na mapenzi hayo hayakuzuia jina kufutwa kwa kalamu ya siku moja. Mwenye timu ni yule awezaye kuuliza maswali matatu na kujibiwa. La kwanza, jina hili laweza kubadilishwa na nani, na je, sisi tutaulizwa? La pili, watoto wa mtaa huu wanafundishwa wapi, na ni nani anayemlipa mwalimu wao? La tatu, fedha ziingiazo mlangoni zinaandikwa katika daftari gani, na ni nani anayelisoma? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na timu nayo ni mali.

Hatusemi kwamba fedha za makampuni zikataliwe. Mchezaji ana tumbo na watoto, na zama za kucheza kwa mgao wa mchele hapana atakaye zirudi. Twasema tu kwamba mwenye fedha na akaribishwe kama mgeni akaribishwavyo: apewe kiti kizuri, ashukuriwe mbele ya watu, lakini asikabidhiwe hati ya nyumba. Wachukuzi wa Saigon hawakuwa wajinga. Waliamini tu kwamba kitu walichokijenga kwa jasho lao hakiwezi kuwa cha mtu mwingine, wasiliandike neno hilo mahali popote. Na sisi tusemao "timu yetu" kila Jumapili, na tujiulize limeandikwa wapi.