Huna Oveni? Krispi ya Embe Inaiva Fiti kwa Jiko la Makaa, na Sukari ni Kidogo

Msimu wa maembe ya Makueni na Machakos ukifika, embe mtaani zinauzwa bei ya kutupa na zinaanza kuoza kabla umalize kudishi. Usizitupe, msee. Pika krispi. Sio zile za viazi za kwa kibanda, zii. Hii ni desati ya matunda laini chini, oats na njugu kavu juu.

Ngori iko kwa sukari. Kuna watu wanatoa sukari, wanamwaga asali kikombe kizima, halafu wanasema ni chakula cha afya. Usichezwe. Shirika la Afya Duniani, WHO, linahesabu asali pamoja na sukari ya kuongezwa, na linataka zote zikae chini ya asilimia 10 ya kalori zako za siku. Ukila kalori 2,000, hiyo ni gramu 50 hivi. Utamu ulio ndani ya tunda zima hauhesabiwi hapo. So wacha embe ifanye kazi.

Ya watu wanne, tafuta:

- Embe 3 kubwa zilizoiva
- Maji ya nusu ndimu
- Kijiko 1 cha unga wa corn flour
- Kikombe 1 cha oats
- Nusu kikombe cha unga wa atta
- Kiganja cha njugu karanga zilizopondwa
- Vijiko 4 vya mafuta ya alizeti
- Kijiko 1 cha asali
- Mdalasini na chumvi kidogo

Hicho kijiko cha asali kina gramu 17 hivi za sukari. Mkigawana wanne, kila mtu anapata kama 4 tu.

Vile utafanya:

1. Kata embe vipande, changanya na ndimu na corn flour, weka kwa sufuria iliyopakwa mafuta. Corn flour inashika maji ya embe ndio juu pasilowe.
2. Changanya vitu vingine vyote kwa vidole hadi vishikane mabonge madogo. Usiongeze maji. Mwaga juu ya embe, usigandamize.
3. Funika na mfuniko bapa. Weka makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko, vile watu wa Pwani huoka mkate wa sinia. Moto wa juu ndio unaleta ule ukavu.
4. Angalia baada ya dakika 20. Embe ikichemka pembeni na juu pakiwa rangi ya dhahabu, epua.

Uko na oveni? Digrii 180, dakika 30 hadi 35.

Na hii usipuuze: jiko likae nje. Makaa ndani ya keja iliyofungwa hutoa gesi isiyo na harufu, na hiyo gesi huua watu usingizini.

Ngoja ipoe dakika 10, ongeza mala baridi juu, itia mbogi.