Istilahi za Afya: 'Msongo' na Jamaa Zake

Hivi karibuni mfasiri mmoja alituletea rasimu ya kijarida cha afya kilichokusudiwa walimu wa shule za msingi, akatuomba tuzipitie istilahi zake. Katika ukurasa mmoja tulikuta neno moja la Kiingereza, 'stress', limefasiriwa kwa maneno manne: msongo wa mawazo, mfadhaiko, shinikizo na dhiki. Kurasa mbili mbele, neno mfadhaiko likatumiwa tena, mara hii kwa maana ya ugonjwa wa sonona. Mwalimu atakayesoma kijarida hicho ataambiwa kwanza kwamba mfadhaiko hutulizwa kwa kuvuta pumzi na kutembea jioni. Kisha ataambiwa kwamba mfadhaiko ni ugonjwa unaohitaji tabibu. Afuate lipi? Kosa la namna hii si la urembo wa lugha tu. Laweza kumchelewesha mgonjwa nyumbani, na laweza kumtia hofu mtu mzima wa afya.

Kabla ya kulichagua jina, hapana budi kuijua dhana. Tuchukue mfano wa mtu avukaye barabara, mara honi ya lori ikalia ubavuni mwake. Mtu huyo huruka kwanza, akaja kufahamu baadaye kilichomrusha. Ndani ya ubongo wake, kila upande, mna sehemu ndogo yenye umbo la lozi iitwayo amigdala. Na jina hilo lenyewe latokana na neno la Kiyunani lenye maana ya lozi. Sehemu hii hushiriki katika kuitambua hatari na kuipasha habari haipothalamasi, iliyoko chini ya ubongo.

Kutoka hapo amri hupita njia mbili. Ya kwanza ni ya neva. Tezi zilizokaa juu ya figo humimina adrenalini, moyo ukaenda mbio, pumzi zikaongezeka, damu ikaelekezwa kwenye misuli. Haya hutokea kwa sekunde chache. Mwanafiziolojia wa Marekani, Walter Cannon, aliyaeleza mabadiliko ya namna hii katika kitabu chake cha mwaka 1915. Njia ya pili ni ya homoni, nayo huenda polepole zaidi. Haipothalamasi huiamsha tezi ya pituitari, nayo pituitari huziamsha tezi zilezile za juu ya figo ili zitoe kortisoli, ambayo huusaidia mwili kupata nguvu kwa muda mrefu zaidi. Kortisoli ikishatosha, ubongo huitambua na kupunguza amri ya kuitoa.

Ni dhahiri basi kwamba mwitikio huu si ugonjwa, ni ulinzi. Taabu huanza pale hatari inapokuwa haipiti kama lori lilivyopita: deni lisilolipika, mgonjwa wa muda mrefu nyumbani, kazi isiyo na mwisho. Mwitikio ukikaa miezi, usingizi huharibika, shinikizo la damu laweza kupanda, na kinga ya mwili hudhoofika. Aidha, sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo kazi yake ni kupanga na kupima mambo, haifanyi kazi vizuri wakati mwili umo katika hali hiyo. Ndiyo maana mwanafunzi aliyelijua somo lake jana aweza kulisahau mbele ya karatasi ya mtihani.

Sasa turudi kwenye majina. Mwaka 1936 Hans Selye, mzaliwa wa Vienna aliyefanya kazi Montreal, Kanada, alichapisha barua fupi katika jarida la Nature. Alieleza kwamba miili ya panya waliosumbuliwa kwa njia mbalimbali ilionyesha dalili zinazofanana. Baadaye aliieleza hali hiyo kwa neno 'stress', ambalo wahandisi walikuwa wakilitumia kwa nguvu ibanayo kitu. Neno hilo likabeba mizigo miwili kwa pamoja, yaani kile kinachobana na hali ya kile kinachobanwa, hata ikambidi Selye aunde istilahi nyingine kwa ajili ya kisababishi peke yake. Tukumbuke jambo hili: hata lugha iliyotupatia neno hilo ilijikwaa palepale tunapojikwaa sisi.

Kiswahili hakikosi maneno. Dhiki limetoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya wembamba wa mahali, na asili ya 'stress' nayo ni kubana. Lakini kwa wasemaji wetu dhiki imekwisha kuwa taabu ya maisha, hasa ya ukosefu. Mkazo limekwisha kuchukuliwa na wanaisimu kwa matamshi ya silabi. Shinikizo linatumika katika shinikizo la damu, na kuyachanganya mambo haya mawili katika kijarida cha afya ni hatari. Linabaki msongo, kutokana na kitenzi kusonga, mzizi uleule uliotupa msongamano. Neno hili linabeba picha ya kubanwa, na watu wanalielewa.

Shaka yetu ni juu ya mkia wake, 'wa mawazo'. Msomaji aelezwaye kwamba tatizo lake ni la mawazo huona kwamba dawa yake ni kuacha kuwaza, na jamaa zake humwambia hivyo. Lakini yule aliyerushwa na honi hakuwa amewaza lolote. Ni kweli kwamba kulikumbuka deni usiku kwaweza kuuamsha moyo uende mbio vilevile. Mawazo, basi, ni mlango mmojawapo, wala si nyumba nzima. Kwa hiyo tunapendekeza:

(a) Msongo: hali ya mwili na ubongo vikiitikia jambo linalovibana. 'Msongo wa mawazo' libakizwe pale tu chanzo kinapokuwa mawazo yenyewe.
(b) Kisababishi cha msongo: jambo linaloiamsha hali hiyo.
(c) Wasiwasi: hofu ya jambo lijalo, hata pasipo na kisababishi cha wazi.
(d) Sonona: ugonjwa wa huzuni nzito au kupoteza hamu ya mambo, unaodumu wiki 2 au zaidi na kuhitaji tabibu.
(e) Mfadhaiko: liachiwe lugha ya kawaida, kwa maana ya kuchanganyikiwa au kushtushwa. Lisitumiwe kama istilahi ya tiba.

Mgawanyo huu una faida yake katika maelekezo. Msongo ukieleweka kuwa hali ya mwili pia, msomaji ataelewa kwa nini aanze na mwili. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi 12 hadi 20 kwa dakika. Akizipunguza kwa hiari hadi kama 6, na kuitoa pumzi taratibu kuliko alivyoivuta, neva iitwayo vagasi husaidia kuupunguza mwendo wa moyo. Kutembea, kulala vya kutosha, na kumweleza mtu unayemwamini yaliyokusibu, nayo husaidia. Na pale dalili zilizotajwa chini ya (d) zinapoonekana, msomaji atajua kwamba amekwisha kuvuka mpaka wa ushauri wa kijarida, na aende kituo cha afya.

Tunatambua kwamba 'msongo wa mawazo' limekwisha kuenea, na kwamba vijana mitaani wanasema 'stresi' bila kutungoja. Lugha haiendeshwi kwa amri. Hata hivyo, mfasiri na mwalimu wana wajibu wa kutumia neno moja kwa dhana moja, angalau ndani ya jalada moja. Tunawaomba wasomaji, hasa walioko mahospitalini na mashuleni, watuletee maoni yao pamoja na maneno wanayoyasikia kwa watu wanaowahudumia.