Mama, Umemwuliza Fundi Umeme Leseni Yake?

Mama anapomtafuta msichana wa kumsaidia kazi za nyumbani, maswali huwa mengi. Ametoka wapi? Nani anamfahamu? Amewahi kulea mtoto mdogo? Lakini fundi umeme anapobisha hodi na koleo mkononi, aghalabu tunamwuliza swali moja tu: "Fundi, ni shilingi ngapi?" Tukishapatana bei tunampa stuli apande, nasi tunarudi jikoni kugeuza mboga.

Msichana wa kazi akikosea, kosa lake huonekana siku hiyo hiyo: maharage yameungua, au sahani imevunjika. Kosa la fundi umeme halionekani. Hupigwa plasta, likapakwa rangi nzuri, likakaa ndani ya ukuta kwa miaka. Siku litakapojitokeza, fundi mwenyewe amekwisha hama mtaa, na aliye mbele yake ni mtoto aliyetoka kuoga, miguu mitupu, akifungua mlango wa friji.

Mwezi huu tuzungumze juu ya karatasi ambayo wengi wetu hatujawahi kuiomba: leseni ya fundi umeme.

Sheria inasema nini?

Wapo wanaodhani leseni ni ya wenye makampuni makubwa tu, na kwamba fundi wa mtaani haimhusu. La hasha. Tanzania Bara, Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 imeitaja kazi ya kufunga umeme katika majengo kuwa miongoni mwa kazi zinazohitaji leseni, sambamba na kuzalisha umeme na kuusambaza. Leseni hiyo hutolewa na EWURA, yaani Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001. Mtu anayefunga umeme kwa malipo bila leseni anatenda kosa, hata kama mkono wake ni mwepesi na maneno yake ni matamu.

Leseni hizo zimegawanywa kwa madaraja. Haziko sawa zote, kwa sababu kazi nazo haziko sawa. Anayeruhusiwa kufunga taa na soketi katika nyumba ya kawaida si lazima awe ameruhusiwa kufunga mitambo ya kiwanda au mashine ya kusaga ya njia tatu. Ndiyo maana haitoshi fundi kusema "ninayo leseni." Yafaa isomwe ni ya daraja gani na tarehe yake ya mwisho ni lini.

Jambo jingine la kufahamu ni mpaka wa wajibu. Nguzo, waya unaoingia nyumbani na mita ya LUKU ni mambo ya TANESCO. Kuanzia hapo kwenda ndani, kila waya, kila swichi na kila soketi ni mali yako na wajibu wako. Shirika halitakuja kuangalia kila mwaka kama soketi ya sebuleni imelegea. Unapoomba kuunganishiwa umeme mara ya kwanza, kazi ya nyaya hutakiwa iwe imefanywa na fundi au mkandarasi mwenye leseni, naye huithibitisha kwa maandishi. Lakini hapo baadaye, unapoongeza chumba cha uani, friji kubwa ya kuuzia barafu au hita ya maji ya kuoga, mara nyingi hakuna anayekuja kukagua. Hapo mkaguzi ni wewe, mama, na swali lako.

Umeme ukiingia mwilini

Sisi wauguzi hatuishiki sindano pasipo leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, na leseni hiyo tunatakiwa kuihuisha. Hatuoni haya kuulizwa. Mgonjwa hawezi kupima elimu ya muuguzi kwa kuangalia gauni lake jeupe, kwa hiyo Serikali humpimia. Kwa fundi umeme ni vivyo hivyo. Mama hawezi kuona kwa macho kama waya wa ethi umefika ardhini, basi yupo aliyepewa kazi ya kuhakikisha kwamba fundi anajua kuufikisha.

Umeme wa majumbani mwetu ni wa volti 230. Taa ya kizamani ya wati 60 hutumia mkondo wa miliampia kama 260. Sasa fikiri: miliampia 10 hadi 20 tu zikipita mkononi zaweza kuikaza misuli hata mtu ashindwe kuachia alichoshika. Zikifika 50 hadi 100 na kupita kifuani, moyo waweza kuanza kutetemeka badala ya kupiga, na damu isisukumwe tena. Hiyo haifiki hata nusu ya umeme unaowasha taa ile.

Wengi hutegemea sakiti breka. "Tuna breka, itakata." Lakini breka ya kawaida ya ampia 16 huwekwa kulinda waya usipate moto. Ampia 16 ni miliampia 16,000. Mtoto atakuwa amekwisha dhurika, nayo breka hiyo haijahisi lolote. Kinacholinda mwili ni mambo mawili. La kwanza ni ethi, yaani waya wa kijani wenye mstari wa njano, unaokwenda hadi kwenye fimbo ya chuma iliyochimbiwa ardhini, ili umeme ukivuja kwenye bati la friji au pasi upate njia ya kuondokea na breka ikate. La pili ni kifaa maalum cha kukata umeme unapovuja, ambacho kile cha majumbani hukata kwa miliampia 30, tena kwa muda ulio mfupi kuliko kupepesa jicho.

Fundi asiyejua, au anayetaka kupunguza gharama, huanza kupunguza hapo hapo. Huacha waya wa ethi ukining'inia ndani ya boksi la soketi bila kufungwa popote. Taa zitawaka. Redio itaimba. Pasi itapata moto. Kwa mwenye nyumba kazi imekwisha, na hakuna kitakachomwambia kuwa ulinzi haupo.

Tukiwa wodini tunaona vidonda vya umeme vyenye hila. Kwa nje ni doa dogo jeupe au jeusi kidoleni, na kumbe ndani nyama imeungua mbali. Kwa watoto wanaotambaa, waya wa ekstensheni uliochubuka ni hatari ya pekee, kwa maana wao huweka kila kitu mdomoni. Mtoto aliyeungua pembe ya mdomo kwa kutafuna waya aweza kuonekana anapona, kisha baada ya wiki moja au mbili kidonda kikabanduka na mshipa wa damu ukaanza kuvuja kwa nguvu. Mama wa mtoto wa namna hiyo asikubali kukaa nyumbani kwa kuwa kidonda ni kidogo.

"Lakini ni ndugu yetu kanisani"

Najua linalotuzuia kuuliza, na si bei peke yake. Fundi huyu ni mtoto wa mama fulani wa jumuiya yetu. Huyu mwingine anapiga kinanda kwaya ya vijana. Yule alitufungia vipaza sauti siku ya mavuno bila kudai hata senti. Kumwomba leseni kunaonekana kama kumwambia kuwa hatumwamini.

Tutofautishe mambo mawili. Uaminifu ni tunda la Roho, na ujuzi ni tunda la kufundishwa. Mtu aweza kuwa na la kwanza bila kuwa na la pili. Kijana mwadilifu asiyerudisha soda ya bure aweza kabisa kufunga waya mwembamba wa taa kwenye soketi ya jiko la umeme, tena kwa moyo safi, kwa sababu hakuna aliyemfundisha kwamba utapata moto. Moto huo hautauliza kama alifanya kwa nia njema.

Tena kuuliza kwa heshima si kudhalilisha. "Mwanangu, nyumba hii ina watoto, na baba yao amesema tuweke kumbukumbu. Naomba nione leseni yako niandike namba." Fundi halali hufurahi, maana leseni ilimgharimu masomo na fedha. Anayekasirika amekwisha kujibu.

Maswali matano kabla stuli haijatolewa

Kwanza, leseni i wapi? Iangalie jina, daraja na tarehe ya mwisho. Ukiwa na shaka, wasiliana na ofisi ya EWURA iliyo karibu, au mwombe kijana wako akutazamie katika tovuti yao, ambako orodha ya mafundi wenye leseni hutolewa.

Pili, ni nani hasa atakayefanya kazi? Iko hila ya mtu mmoja kuonyesha leseni na kupiga muhuri, huku kazi ikifanywa na mwingine ambaye hajawahi kusimamiwa. Msaidizi si kosa, lakini mwenye leseni awepo, aangalie, na aweke saini yake kwa kazi aliyoiona.

Tatu, vifaa vinatoka wapi? Waya, soketi na breka za bei ya kutupwa huenda ni bandia. Tafuta alama ya ubora ya Shirika la Viwango, TBS, na udai risiti ya duka. Kwa kawaida waya wa taa ni wa milimita za mraba 1.5, na wa soketi ni 2.5. Jiko na hita hutaka mnene zaidi. Andika vipimo hivyo kabla ya kwenda dukani.

Nne, utapima namna gani ukimaliza? Taa kuwaka si kipimo. Testa ya bisibisi nayo haitoshi. Fundi aliyesoma anacho kipimo cha kuangalia kama nyaya zinavuja na kama ethi imeshika ardhi vizuri. Mwambie akipime ukiwa umesimama hapo, na akuandikie matokeo.

Tano, ukumbusho wa kazi uko wapi? Weka karatasi yenye jina lake, namba ya leseni, tarehe na kazi iliyofanyika, pamoja na hati ya kiwanja na kadi za kliniki. Likitokea tatizo utajua pa kuanzia, na malalamiko yako EWURA yatakuwa na miguu.

Kijana asiye na leseni tumfanyeje?

Tusimfukuze kama mwizi. Vijana wengi walijifunza kwa kumbebea fundi mkubwa ngazi kwa miaka, na wanajua mengi. Wanachokosa ni cheti, na kwa hiyo hawawezi kuomba leseni. VETA, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, wana utaratibu wa kuwapima watu waliojifunzia kazini, kuwaongezea kilichopungua na kuwapa cheti. Hapo ndipo mlango hufunguka.

Hili ni jambo ambalo umoja wa wanawake katika usharika unaweza kulibeba. Tunachangia harusi, na kila mwezi kuna kamati ya kitchen party. Mchango wa jioni moja waweza kumpeleka kijana mmoja VETA, na usharika mzima ukapata fundi wake halali. Na hadi atakapopata leseni, afanye kazi chini ya mwenye nayo.

Ajali ikitokea

Usimshike aliyenaswa. Zima kwanza meni swichi. Ikishindikana, simama juu ya kitu kikavu, umsukume kwa mti mkavu mbali na waya. Akiwa hapumui, ita msaada na uanze kumbonyeza kifua katikati kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kama umefundishwa kupulizia pumzi, mpulizie mara 2 kila baada ya kubonyeza mara 30. Palipoungua pamwagiwe maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta wala unga. Aliyenaswa apelekwe hospitali hata akisema yu mzima, kwa sababu moyo waweza kuchelewa kuonyesha dalili. Mama mjamzito asisubiri kabisa.

Ukuta kuzunguka dari

Katika Kumbukumbu la Torati 22:8 Mungu anawapa Waisraeli agizo ambalo mahubiri mengi hulipita: ajengaye nyumba mpya aizungushie dari yake ukuta mdogo, mtu asije akaanguka, na hatia ya damu ikawa juu ya nyumba hiyo. Siku zile watu walikaa juu ya dari zao, na hapo ndipo palipokuwa na hatari. Agizo hilo halimlaumu aliyeanguka. Linamwuliza mwenye nyumba alifanya nini mapema.

Hatari ya nyumba zetu imehamia ndani ya ukuta, nao ulinzi wake ni waya wa kijani na njano uliofungwa na mtu aliyethibitishwa. Basi kabla ya kuongeza soketi ile ya friji, na kabla ya kumwachia mtoto kalamu anayochokonolea tundu la soketi ili plagi ya pini mbili iingie, mwite fundi. Mkaribishe maji ya kunywa, msalimie kwa upole, kisha umwombe leseni yake.