Baba anaporudi na vumbi la trekta

Mwanza. Fundi wa rangi akifika nyumbani jioni, wa kwanza kumrukia ni mtoto wa miaka miwili. Ovaroli imejaa vumbi jekundu, mtoto anaishika, kisha vidole vinakwenda mdomoni. Hakuna anayeshtuka.

Kwa familia ya Kiseke, wilayani Ilemela, ambayo gereji yake ndiyo uani, vumbi hilo si uchafu tu. Matrekta ya zamani, kama Massey Ferguson 135 iliyoanza kutengenezwa mwaka 1964, ni ya enzi ambayo risasi ilitumika sana kwenye rangi nyekundu, njano na chungwa, na kwenye praima. Kwa macho huwezi kujua. Ikiwa imetulia kwenye bati haina shida kubwa. Shida huanza msasa mkavu au grainda inapoigeuza vumbi.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo akiimeza, mwili wake hufyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima, na ubongo unaokua ndio unaoumia. Mara nyingi haonyeshi dalili. Hujulikana kwa kipimo cha damu.

Kwa hiyo rangi ya zamani isichomwe kwa moto wala kukwanguliwa ikiwa kavu. Itumike msasa wa maji, turubai litandikwe chini, na tope lizolewe lote kabla halijakauka.

Halafu kuna suala la mng'ao. Wenye matrekta wengi hutaka ling'ae kama gari la harusi, na fundi huchukua rangi ya makopo mawili, ile ya kuchanganya na kigumisho. Kweli ni ngumu na haiogopi dizeli. Lakini ikipulizwa kwa kompresa hutoa kemikali ziitwazo isosayaneti, zinazoweza kuleta pumu, na barakoa ya kitambaa haizizuii. Kwa chombo kinachokwenda kulima, rangi ya mafuta ya kawaida inatosha: grisi ioshwe, praima, kisha mikono miwili myepesi, wa kwanza ukauke kabisa. Hata brashi inafaa, na moshi wake hauendi jikoni kwa jirani. Dukani uliza kiwango cha risasi. Kikomo kinachopendekezwa kimataifa ni sehemu 90 kwa milioni.

Thina isiwekwe kwenye chupa ya soda. Ovaroli ibaki gereji na ifuliwe peke yake, si beseni moja na nepi. Baba aoge kwanza, ndipo ambebe mtoto.