Land Rover kuukuu bado ina kazi Newala, ila hesabu kwanza

FEDHA za korosho zinapoanza kuingia Masasi na Newala, kati ya Oktoba na Januari, madalali wa magari nao huanza kupita vijijini. Mmoja anauza pikipiki, mwingine ana Canter iliyotoka Dar es Salaam, na hakosekani anayejua mahali ilipolala Land Rover 109 ya pikapu chini ya mkorosho, ambayo eti inahitaji kazi ndogo tu.

Kazi hiyo ndogo ndiyo ya kuchunguzwa kabla fedha haijatoka mfukoni. Kufufua pikapu ya zamani ni burudani nzuri kwa mtu anayependa spana, na huku kusini burudani hiyo inaweza hata kurudisha sehemu ya gharama zake. Inaweza pia kumeza mauzo ya korosho ya misimu miwili, gari likabaki palepale chini ya mkorosho.

Magari haya yana historia ndefu katika ukanda huu. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa hadharani mjini Amsterdam Aprili 1948, wakati Waingereza walipokuwa wakifyeka mapori ya Nachingwea kwa ajili ya mradi wa karanga uliokufa mwaka 1951. Mradi ule uliacha reli kutoka Mtwara hadi Nachingwea, baadaye ikapata tawi la kuja Masasi, lakini mwanzoni mwa miaka ya 1960 nayo ikafungwa. Tangu hapo kila gunia la korosho na kila mfuko wa chumvi umesafiri kwa magurudumu ya barabarani. Serikali, misheni, jeshi na vyama vya ushirika vilitumia Land Rover, na zilipochoka zikapigwa mnada na kuangukia mikononi mwa watu binafsi.

Masasi iko chini, upande wa magharibi, kati ya vilima vyake vya mawe. Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, takribani kilometa 70 kutoka Masasi, na ukifika huko unakutana na mchanga ambao gari dogo huzama humo kama jembe. Gari lenye kuvuta kwa magurudumu manne, lililo juu kutoka ardhini, ndilo lililozoea njia za mashambani huko.

Chuma ndicho cha kuangalia

Baada ya Vita Kuu ya Pili chuma kilikuwa adimu Uingereza, alumini ikawa nyingi. Ndiyo sababu bodi ya Land Rover ilitengenezwa kwa alumini, nayo haili kutu kama bati la magari mengine. Hapo ndipo wanunuzi wengi wanapodanganyika. Wanaona milango na matope vimekaa vizuri, wanalipa. Lakini chesisi ni ya chuma, tena ina uwazi ndani kama bomba la pembe nne. Tope linaingia, linakaa na unyevu, chuma kinaliwa kutoka ndani huku nje rangi ikiwa bado inang'aa.

Dawa ni kuingia chini ya gari na nyundo ndogo. Gonga chesisi yote, hasa nyuma kabisa kwenye boriti linalobeba ndoano ya kuvutia, na sehemu zinaposhikwa springi. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti nzito kama debe lililojaa pumba. Kipande kimoja kibovu kinachomelewa bila taabu. Chesisi iliyooza pande zote mbili ni ya kuachana nayo, hata kama injini inawaka kwa kusukuma mara moja.

Injini yenyewe si tatizo kubwa. Ile ya petroli ya lita mbili na robo, iliyofungwa kwenye 109 nyingi, ni nyepesi kueleweka: kabureta moja, plagi nne, na hendeli ya kuiwashia betri inapokufa. Fundi aliyejifunzia chini ya mwembe anaifungua na kuirudishia. Kinachosumbua zaidi ni shafti za ekseli ya nyuma, ambazo katika magari ya miaka ya 1960 hukatika dereva anapoachia klachi kwa pupa kwenye mchanga. Gari la toleo la tatu, lililotoka kuanzia mwaka 1971, likiwa la 109, mara nyingi lina difu ya nyuma iliyo imara zaidi, na mwenye kuchagua achague hilo.

Kisafisha hewa nacho kisisahauliwe. Kinatumia bakuli la oili badala ya karatasi, na kwa vumbi la huku ni kitu kizuri sana, mradi oili ibadilishwe ikishakuwa uji. Wengi hawaifungui mwaka mzima, kisha wanalaumu pistoni.

Safari fupi, safari ndefu

Hesabu ya mafuta haina huruma. 109 ya petroli hutembea kilometa tano au sita kwa lita moja, na kwenye mchanga chini ya hapo. Kwa mzigo wa magunia kumi ya kilo 80 kutoka shambani hadi ghala la chama cha msingi, kilometa sita kwenda na sita kurudi, lita mbili na nusu zinatosha. Kuanzia 2007, mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoingia katika korosho, mkulima anafikisha mzigo wake kwenye chama, na malori ndiyo yanayoupeleka ghala kuu. Safari fupi kama hiyo ndiyo saizi ya gari hili. Majirani nao hulipia, na kiangazi kuna mapipa ya maji ya kusomba, kwani uwanda hauna mito na maji yako mbali.

Mwenye gari akijaribu kushindana kwenda Mtwara, kilometa zipatazo 140 kutoka Newala, atachoma lita 50 au zaidi kwenda na kurudi kwa magunia kumi. Canter inabeba mara tatu au zaidi ya hapo. Hapo hakuna biashara, kuna ushabiki tu.

Ndiyo maana wengine hung'oa injini ya petroli na kufunga ya dizeli ya Kijapani. Kwa gari la kazi huo ni uamuzi wa busara. Kwa gari la kupendezesha unapunguza thamani yake, kwa kuwa wapenzi wa magari ya zamani wanatafuta lililobaki kama lilivyotoka kiwandani. Wapenzi hao si wachache: Oktoba 2024 Land Rover zaidi ya elfu moja zilitajwa kukusanyika katika tamasha mjini Arusha. Mwenye kubadilisha injini aihifadhi ya zamani ndani, imepakwa grisi, asiiuze kwa kilo. Wanunuzi wa vyuma chakavu wanaipenda sana alumini, na mlango wa Land Rover ukishayeyushwa kuwa sufuria haurudi.

Jambo moja limewarahisishia wenye magari yaliyolala. Zamani ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilizidi kuongezeka hata kama gari halitembei, ikawa deni. Ada hiyo ilifutwa mwaka 2017 na kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta, hivyo asiyeendesha halipi. Hata hivyo namba ya chesisi lazima ilingane na ya kwenye kadi, na jina kwenye kadi liwe la anayeuza au la marehemu ambaye mirathi yake imekwisha kufunguliwa. Gari la urithi lisilo na karatasi ni kesi inayosubiri.

Lami nayo inakuja. Kipande cha Mtwara hadi Mnivata kilishakamilika, na mikataba ya kilometa 160 zilizobaki kupitia Newala hadi Masasi ilisainiwa mwaka 2023. Dereva aliyezoea mchanga akumbuke kurudisha juu kitufe cha njano kinachounganisha magurudumu ya mbele kila anapopanda lami. 109 haina difu ya katikati, na ikiachwa imeunganishwa kwenye lami kavu inakula tairi na kukaza giaboksi. Kuteremka kutoka uwandani, aingize gia nzito mapema, maana breki za drami zikishapata moto hazishiki.

Msimu wa salfa ukiisha, karoseri ioshwe kwa maji mengi hadi kwenye pembe za chesisi, kwani unga huo ukikaa na unyevu unaharakisha kutu. Kisha gari lipandishwe juu ya magogo manne ili tairi zisiguse chini, betri itolewe, na kila baada ya wiki mbili injini izungushwe kwa hendeli.